Vipimo vya Alhamisi

Walikuja kumi na mmoja dukani kwangu, Maabela,
nyuma ya wauza tairi,
nami nikaitoa futi shingoni kama kawaida:
bega, kifua, kiuno, urefu.
Daftari langu lina safu moja tu ya mguu.
Kwa Hamdun niliandika mara mbili,
kulia 104, kushoto 38,
kisha nikafuta kwa haya, sijui haya ya nini,
namba zenyewe zilikuwa sahihi.

Mama alinifunza: nguo ni sitara.
Bega lililoinama litie sponji,
tumbo lizibe kwa marinda,
mtu atoke mlangoni amenyooka kuliko alivyoingia.
Basi nikawasitiri wote.
Suruali ya Hamdun nikaikunja, nikaibana kwa pini.
Zuweina wa kiti mwendo nikamshonea gauni,
yadi saba za hariri ya bandia,
lifunike magurudumu,
watu wasione kiti, waone malkia.

Jumapili akalirudisha.
Alilitupa juu ya cherehani, halina hata tone la jasho.
"Bi Ghaniya, umenishonea pazia.
Magurudumu ndiyo miguu yangu. Nani hucheza
miguu imefungwa kitambaa?
Njoo Alhamisi uone. Halafu upime."

Nikaenda. Sikuwa nimelipwa.

Ukumbi wao zamani ulikuwa ghala la viyoyozi.
Mbao walizitandika wenyewe juu ya saruji
ili Thuraya, asiyesikia, asikie.
Alivua viatu. Msondo ukapigwa
(ndivyo waiitavyo ngoma hiyo huku Batina,
na bibi yangu angegeuka kwa jina hilo,
msondo ni msondo hata ukivuka maji)
na Thuraya akaingia
kabla ya wenye masikio.

Hamdun alirusha gongo moja juu,
likarudi mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani.
Ule mguu mfupi, niliouandika nikaufuta,
ndio uliokuwa ukihesabu:
unapanda, unangoja,
unangoja tena,
unashuka, na mwili mzima unaufuata.
Pini zangu zingemchoma.

Na Zuweina.
Alirudi nyuma mpaka ukutani, akaja kasi,
akalikaba gurudumu la kushoto kwa kiganja,
kiti kikazunguka, kikazunguka,
mara ya tatu kikabaki kimesimama kwa gurudumu moja,
mikono yake wazi, viganja vyeupe kwa chaki,
chaki ileile ninayochorea makwapa ya watu.
Akaanguka.
Kweli alianguka, kwa kishindo.
Nilisimama. Hakuna mwingine aliyesimama.
Thuraya alimwendea kwa magoti, akalala ubavuni pake,
wakaviringika pamoja na kiti na vyote;
kumbe kuanguka nako kulikuwamo mchezoni,
au kulitiwa siku ile. Sikuuliza.

Jirani yangu akiwaona wakishuka garini
husema, "Hujafa hujaumbika,"
huku akivuta mtandio kama anayekinga mvua.
Nimeusema mimi pia, kwa woga huohuo.
Usiku ule niliusikia kifundi:
hujafa, basi bado u mezani,
uzi ungalimo sindanoni,
na mkono wa Mwenye kushona haujainuka.

Nililifumua gauni. Yadi saba zikawa mbili na nusu.
Suruali ya Hamdun nikaikata pale inapoishia,
nikaitia pindo la mkono, uzi mwekundu,
mishono midogo kama punje za ufuta,
lionekane hata na wa kiti cha mwisho.
Daftarini nikachora safu mpya,
nikakosa jina la kuipa.
Zuweina akaninyang'anya kalamu, akaandika: mzunguko.

Riali arobaini bado nawadai.
Kila Alhamisi nazifuata.